FENI ISIYOZIMIKA NA MSHAHARA UNAOKATWA

Ndugu Wanachama,

 Mara hii hatuandiki habari za bei ya unga, wala za nyumba za laini zinazovuja. Tunaandika habari za feni. Najua wako watakaocheka na kusema, "Je, Chama kimeishiwa na maneno?" Ngojeni kwanza. Feni hii nusura ile mshahara wa mtu, na ikiachwa hivi hivi siku moja itakula mtu mwenyewe.

Asubuhi moja ya mvua, katika kiwanda kimoja ambacho hatukitaji jina, msimamizi wa zamu ya mchana aliingia kazini akakuta tanuru la draya limepoa kabisa. Moto ulikuwa umetolewa tangu usiku na majani yalikuwa yamekwisha. Lakini feni kubwa ya tanuru ilikuwa bado inavuma, ikipuliza hewa baridi katika trei tupu. Msimamizi hakumwuliza mtu. Alikwenda moja kwa moja ofisini. Kabla ya saa nne, mchochea moto wa zamu ya usiku, mzee aliyekwisha kurudi laini na kulala, aliamshwa akapewe barua. Barua ilisema mambo mawili: kwamba amefanya uzembe kwa kuacha feni ikienda bure, na kwamba gharama ya stima itakatwa katika mshahara wake.

Mimi ndimi niliyesimama naye kama mjumbe wa Chama, kwa hiyo haya nayasema kwa kuwa niliyaona.

Bwana mmoja wa ofisi alimwuliza, "Mzee, kwa nini hukuzima feni?"

"Nilizima, bwana."

"Ulizimaje, na feni inakwenda?"

"Nilibonyeza kitufe chekundu, ikaendelea. Nikabonyeza tena, ikaendelea. Nikaandika katika kitabu."

Kitabu kikaletwa. Katika mwezi ule ule mzee alikuwa ameandika mara tatu, kwa mkono wake mwenyewe: "Feni ya draya haizimiki." Mbele ya maneno yale palikuwa na nafasi ya fundi kutia sahihi. Mara zote tatu nafasi ile ilikuwa tupu. Zamu ya usiku ile haikuwa na fundi wa umeme hata mmoja.

Fundi alipokuja akazima swichi kuu na kufungua sanduku, jambo likaonekana mara moja. Vipande vya kontakta vilikuwa vimeyeyuka vikagandana. Hata kama mzee angalibonyeza kitufe chekundu mpaka kidole kiote sugu, feni isingalisimama.

Mabwana wakanyamaza. Barua ikarudishwa, na mshahara haukukatwa. Mngedhani maneno yameishia hapo. Hayakuishia. Kontakta ile ile mbovu ilisuguliwa kwa msasa ikarudishwa mahali pake, na kazi ikaendelea. Ndiyo sababu tunaandika.

FENI HII NI YA NINI?

Wenzetu wa mashambani huona majani yakiingia kiwandani, lakini wengi hawajaona yanavyofanywa ndani. Majani mabichi yana maji kama sehemu tatu kwa nne za uzito wake, au zaidi. Chai iliyokwisha kukaushwa hubaki na maji kama sehemu 3 tu kwa 100. Ndiyo maana mnapochuma kilo nne na nusu hivi za majani, hutoka kilo moja tu ya chai. Maji yale yote hufukuzwa kwa hewa, na hewa haiendi yenyewe. Feni ndizo zinazoipeleka: feni za kunyausha majani, feni za boila, na feni ya draya.

Katika tanuru la namna ya zamani, kuni huwaka ndani, moshi hupita katika mabomba ya chuma na kutoka nje kwa dohani. Feni huvuta hewa safi ipite nje ya mabomba hayo, ipate joto, iingie katika draya. Katika viwanda vingi vya siku hizi kuni huchemsha maji katika boila, na mvuke ndio unaopasha hewa moto. Lakini shida ya feni isiyozimika ni ile ile.

Wala si shida ya Kimulot peke yake. Ndugu zetu waliokwenda Marekani na Kanada hukaa katika nyumba ambazo nyingi zina tanuru dogo la gesi au la mafuta. Mara nyingi huwekwa chini ya nyumba, na feni yake hupuliza hewa ya moto vyumbani wakati wa baridi. Huko nako feni hukataa kuzimika. Mwenye nyumba hutazama swichi ya ukutani, halafu hutazama chujio la hewa, halafu humwita fundi. Hamwamshi mtoto aliyelala ili amwandikie barua ya onyo. Kwa nini mashine ikiharibika kiwandani, kitu cha kwanza kutafutwa ni mtu wa kulaumiwa?

KUENDELEA KWA HAKI NA KUENDELEA KWA UBOVU

Kila msimamizi na kila mfanyakazi yampasa ajue tofauti hii. Si kila feni inayoendelea baada ya moto kwisha ni mbovu. Moto ukitolewa, mabomba ya tanuru hubaki na joto kali. Feni ikizimwa pale pale, joto lile halina pa kwenda. Chuma hupinda, hupasuka, na siku ya pili moshi huingia katika chai. Chai yenye harufu ya moshi haina bei. Kwa hiyo feni huachwa iende mpaka tanuru lipoe. Hata yale matanuru madogo ya nyumbani huko ng'ambo yametengenezwa hivyo: moto huzimika kwanza, feni hufuata baadaye.

Basi mchochea moto anayeacha feni iende tanuru likiwa bado na joto, huyo anajua kazi yake. Asigombezwe. Lakini tanuru likiwa limepoa, na kitufe kimebonyezwa, na feni bado inavuma, huo ni ubovu. Ubovu hutafutwa kwa utaratibu, namna hii:

1. Tazama swichi iko wapi. Masanduku mengi yana alama mbili: moja ya kuendesha kwa mkono, na moja ya kuiacha mashine ijiendeshe kwa kufuata joto. Mtu wa zamu iliyopita akiwa ameiacha kwa mkono, feni itakwenda mpaka kesho. Hapo hakuna kilichovunjika.

2. Tazama kipima joto. Kama feni inafuata joto, kitu fulani kinaiambia kwamba bado kuna joto. Huenda ni kweli. Wavu wa kuingizia hewa ukizibwa na vumbi na manyoya ya chai, au mkanda wa feni ukilegea, hewa hupungua, joto halitoki upesi, na feni huendelea. Kwenye viwanda vya boila, vali ya mvuke isiyofunga sawasawa huacha mabomba yabaki moto. Safisha wavu, kaza mkanda, funga vali, kisha tazama tena.

3. Kama joto limekwisha kweli na feni bado inakwenda, huenda swichi ya joto yenyewe imekwama. Huenda pia waya wake umegusana na mwingine. Viwanda vyetu vina mvuke na unyevu, na mvua yetu mnaijua. Panya nao hutafuna ngozi ya waya. Hii ni kazi ya fundi.

4. Kama kitufe chekundu kimebonyezwa na feni haisikii, shuku kontakta. Hiki ni kidude kilicho ndani ya sanduku. Ukibonyeza kitufe cha kijani, koili yake hugeuka sumaku, huvuta vipande vya madini vikagusana, na stima hupita kwenda katika mota. Ukibonyeza chekundu, sumaku hufa na springi hutenganisha vipande. Lakini kila viachanapo hutoa cheche. Mota ikiwashwa na kuzimwa mara nyingi, au stima ikiwa dhaifu mpaka kontakta ikatetemeka, vipande hupata moto, huyeyuka, hugandana. Kuvisugua kwa msasa si kuvitengeneza. Msasa huondoa madini mazuri yaliyo juu na kuacha uso wenye mikwaruzo, nao hushika moto upesi zaidi kuliko mwanzo. Kontakta iliyogandana hutolewa ikatiwa mpya.

5. Feni ikiwa inazunguka polepole na swichi kuu imekwisha kuzimwa, huenda ni upepo unaopita katika dohani na njia za hewa. Usidhani haina nguvu. Feni inayozungushwa na upepo hukata vidole kama ile inayozungushwa na stima.

Ndugu, la nne na la tatu si kazi ya mchochea moto, wala ya mtu wa draya, wala ya nyapara mwenye haraka. Mfanyakazi asifungue sanduku la stima hata akiamriwa. Kazi yake ni kutazama, kuzima kwa swichi kuu kama ameonyeshwa namna, kuandika, na kumwita fundi.

KWA NINI HILI NI JAMBO LA MAISHA

Ofisi iliona hasara ya stima. Haya, na tuihesabu stima. Mota yenye nguvu za farasi 10 hula kama kilowati 7 na nusu. Ikienda bure saa 10 za usiku, ni kama uniti 75. Ni hasara, hatukatai. Lakini hasara ile ililetwa na nani? Na mzee aliyeandika mara tatu, au na yule aliyeona neno "haizimiki" mara tatu akafunga kitabu?

Tena kama ofisi inasikitikia stima, mbona haizitazami feni za kunyausha ziendazo mchana na usiku kwa nguvu zote, hata majani yakiwa hayahitaji hewa nyingi? Mafundi wa mashine wanajua kanuni hii: ukipunguza mwendo wa feni kwa sehemu moja katika tano, nguvu inayoliwa hupungua karibu nusu. Huko ndiko zilikojificha fedha za stima. Lakini kupunguza mwendo kunataka kununua chombo, na kumkata mzee mshahara hakutaki kununua kitu.

Hata hivyo stima ni jambo dogo. Jambo kubwa ni moto. Draya imejaa chai kavu, vumbi la chai, na manyoya yake. Cheche moja ikipenya kutoka katika bomba lililopasuka, trei hushika moto. Hapo kazi ya kwanza ni kuunyima moto hewa: simamisha majani, zima feni. Bora bomba la tanuru lipinde kuliko watu waungue. Sasa fikirini, ndugu zangu. Mtu anakimbilia kitufe chekundu, anabonyeza, na feni inaendelea kuvuma, inaupulizia moto kama mhunzi apulizavyo mkaa wake. Kitufe kisichozima ni uwongo uliotundikwa ukutani. Ni kibaya kuliko kutokuwa na kitufe, maana mtu anakitumainia.

Na fikirini fundi anayeingiza mkono kukaza mkanda, akidhani feni imezimwa kwa kuwa kitufe kimebonyezwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa usipozibwa, tutachimba kaburi.

SHERIA YASEMAJE?

Wako wanaosema, "Mali ni ya tajiri, atakata atakavyo." Si kweli. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa ajili ya mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Kosa la makusudi! Kubonyeza kitufe kibovu si kosa la makusudi. Na kifungu cha 41 chasema kwamba mtu asifukuzwe kwa utovu wa nidhamu kabla ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa na kusikilizwa, naye ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa Chama.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, yamtaka mwenye kiwanda atunze mashine ziwe salama, na awafundishe wafanyakazi wake. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Kifungu cha 14 chamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, na mwenye kiwanda asimlazimishe kurudi mahali penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Mzee wetu aliitimiza sheria mara tatu. Aliyepewa barua ya onyo ni yeye.

NA SISI TUSEME KWELI JUU YETU

Polemiki yetu isiwe ya kuwanyoshea wengine kidole tu. Wako miongoni mwetu wanaofunga swichi ya joto kwa waya ili isiwasumbue usiku. Wako wanaoiacha swichi kwa mkono na kwenda zao, wakijua anayekuja ndiye atakayelaumiwa. Wako wanaotoa kizuizi cha mkanda na kukitupa pembeni kwa kuwa kinachelewesha kazi. Na wako wengi wanaosema, "Kuandika katika kitabu kuna faida gani? Hakuna anayesoma."

Ndugu, faida mmeiona. Mzee yule hakuokolewa na maneno yangu matamu. Aliokolewa na mistari mitatu ya kalamu. Kama angalisema kwa mdomo tu, nyapara angalikana, na leo angekuwa analipa stima ya kiwanda kwa jasho lake. Andika tarehe, andika saa, andika ulichoona, andika jina la uliyemwambia. Kama huwezi kuandika, mwite mwenzako akuandikie nawe utie kidole.

Wala tusichukuliwe kuwa adui wa mashine. Mwaka 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto huko Kericho, na sote tunajua uchungu uliokuwa katika mioyo ya watu waliopoteza kazi. Uchungu ule ni wa kweli, na Chama hakijausahau. Lakini tunauliza swali jepesi: ikiwa fedha za kununua mashine inayoondoa watu kazini hupatikana, zakosekanaje fedha za kontakta moja inayowalinda watu walio kazini?

TWATAKA HAYA

1. Kontakta ile itolewe itiwe mpya, na kila kontakta iliyowahi kugandana ifanyiwe hivyo hivyo. Msasa si kipuri.

2. Kila zamu ya usiku iwe na fundi wa umeme ndani ya kiwanda, si aliyelala maili kadhaa mbali anayengojwa apigiwe simu.

3. Swichi kuu ya kila feni iwe mahali panapofikika, haikufungiwa ofisini, na kila mtu wa zamu aonyeshwe ilipo na namna ya kuizima.

4. Anayetengeneza feni apewe kufuli lake na ufunguo wake. Swichi kuu ifungwe, na ufunguo ukae mfukoni mwake mpaka atoke.

5. Vitufe vyote vya kuzimia vijaribiwe kila wiki mbele ya mjumbe wa kamati ya usalama, na matokeo yaandikwe.

6. Kila neno linaloandikwa katika kitabu cha ubovu lijibiwe kwa sahihi na tarehe kabla ya zamu inayofuata kuanza.

7. Mfanyakazi aliyeripoti ubovu asipewe barua wala kukatwa senti kwa ubovu ule ule alioripoti.

Hatukuomba dhahabu. Saba haya yote gharama yake ni ndogo kuliko draya moja kuungua, na hakuna bei ya mkono wa mtu.

Wajumbe wote wa viwanda wanaombwa wafanye jambo moja kabla ya mkutano ujao. Kila mmoja akitazame kitabu cha ubovu cha kiwanda chake, ahesabu mistari isiyo na sahihi, alete hesabu hiyo mkutanini. Tukikaa mezani na mabwana, hatutaanza na kelele. Tutaanza na vitabu vyao wenyewe.

Mzee yuko kazini mpaka leo. Usiku akitoa moto hungoja tanuru lipoe, hubonyeza kitufe chekundu, kisha husimama kimya akisikiliza kama feni itanyamaza. Mtu aliyetumika miaka mingi asiwe wa kusimama gizani akiomba kidude kimoja kisimponze.

Umoja ni nguvu.

Mjumbe wenu, Kimulot.